Rivyu ya Scratch: mwache mtoto aharibu kwanza

Swali la wazazi huwa ni lile lile, mtoto ana miaka nane tisa hivi, anapenda magemu, nataka aanze kodingi, yaani kuipa kompyuta maelekezo, nimuwekee nini? Watu wakianza kujibu utasikia app za kulipia kila mwezi zenye katuni, nyota na vikombe vya dhahabu. Mi jibu langu bado ni Scratch. Ni ya bure kabisa, haina matangazo, na katika vyote nilivyoona watoto wakitumia sijaona kinachoikaribia. Ila sio kwa sababu wanazozitaja watu wengi, na kuna mambo yake yananikera sana tu, ntayasema humu humu.

Kwa ambao hawajaiona, Scratch ni programu ya kutengenezea gemu, katuni na hadithi kwa kuunganisha bloki za rangi kwenye skrini, hakuna kuandika mistari ya maandishi. Ilizaliwa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, kwenye kikundi cha Mitchel Resnick pale Media Lab, maabara yao ya utafiti, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2007. Toleo la 3.0 liliingia Januari 2019 na hilo ndo lililoleta nafuu, maana lile la kabla yake lilikuwa linategemea Flash, programu ya zamani ambayo tableti nyingi hazikuikubali, ukiwa na tableti ndo basi tena. Siku hizi inasimamiwa na Scratch Foundation. Wenyewe wanasema ni ya umri wa miaka 8 hadi 16, japo mi naona mtoto anayesoma vizuri anaweza kuanza mapema kidogo na wa 16 wengi watakuwa washaichoka.

Sasa mtoto akifungua anakutana na nini? Jukwaa jeupe, paka mmoja wa rangi ya chungwa amesimama katikati, na pembeni kushoto bloki zimepangwa kwa rangi, bluu za kutembeza, zambarau za muonekano, njano za kuanzishia mambo, chungwa za kurudia na kuweka masharti. Basi. Hakuna levo ya kwanza, hakuna sauti ya kumwambia hongera, hakuna anayemwambia paka aende wapi. Mafunzo yapo ukiyatafuta, video fupi fupi tu, lakini hayamfuati. Na hapa ndo wazazi wengi wanaikatia tamaa, wanaangalia dakika tano wanasema mbona haimfundishi kitu, anachorachora tu na kubadilisha nguo za paka.

Kwangu mi hapo ndo penye thamani yenyewe.

Angalia upande wa pili. Code.org, tovuti nyingine ya kufundisha kodingi, ilianza 2013, na Desemba mwaka huo wakaleta ile Saa ya Kodingi yao, Hour of Code, ambayo watoto wengi duniani ndo walionjea kodingi hapo. Ni mafumbo, unapewa mhusika, unapewa njia, panga bloki afike anapotakiwa kufika. Sio mbaya hata kidogo, kwa mtoto ambaye hajawahi kugusa kabisa ni mwanzo mzuri sana, siku moja mbili. Lakini fumbo lina jibu ambalo mtu mzima alishalijua kabla, na watoto ni wajanja, wanagundua haraka kwamba ukibadilisha badilisha bloki hadi ikubali unasonga mbele. Hajaelewa, amepita tu. Alafu unamkuta kamaliza levo zote, ukimwambia haya tengeneza kitu chako mwenyewe anakutumbulia macho. Kwenye Scratch hakuna kupita. Paka hatikisiki mpaka wewe uwe na wazo la unataka afanye nini.

Na akishakuwa na wazo, litaharibika. Hapo ndo utamu ulipo, na ndo nataka nikae kidogo.

Kuna hili ambalo karibu kila mtoto analipitia. Anataka paka atembee aende na kurudi. Anachukua bloki ya kwenda hatua 10, anaitia ndani ya ile ya kurudia milele, anaongeza na ya kudunda akifika ukingoni. Anabonyeza bendera ya kijani, paka anaenda vizuri, anafika mwisho, anageuka... anarudi kichwa chini miguu juu. Watoto wanacheka mpaka wanashika mbavu. Sasa programu haijakosea popote, imetii. Paka alikuwa anaangalia kulia, ameambiwa ageuke aangalie kushoto, na mchoro ukiuzungusha nusu duara lazima upinduke, ndo hesabu ilivyo. Dawa yake ni bloki moja ya kuchagua mtindo wa kugeuka, unaweka iwe kushoto na kulia tu. Lakini usimwambie! Mwache ahangaike, kuna mwingine atachora paka wa pili aliyepinduliwa kichwa chini awe anawabadilisha, ili akizungushwa asimame wima, na hiyo nayo inafanya kazi, tena mi naipenda zaidi kwa sababu ameitoa kichwani kwake.

Lingine ni gemu la kudaka nyota. Nyota zinadondoka, chini kuna bakuli unalisogeza kwa mishale ya kibodi, ukidaka unapata pointi. Mtoto anaandika sharti lake vizuri kabisa, kama nyota inagusa bakuli ongeza pointi 1. Anacheza, anadaka, pointi ziko sifuri. Anadaka tena, sifuri. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta iliuliza mara moja tu pale bendera ilipobonyezwa, nyota ilikuwa bado iko juu, jibu likawa hapana, kazi ikaishia hapo. Haya, analiingiza sharti kwenye kurudia milele. Sasa anadaka nyota moja pointi zinaruka hadi kumi na kitu. Kwanza atashangilia, alafu baada ya muda ataona gemu halina maana tena kwa kuwa kila mtu anashinda. Kinachofanyika ni kwamba ile lupu, yaani bloki ya kurudia milele, inazunguka karibu mara 30 kwa sekunde, na kwa muda wote nyota inapopita ndani ya bakuli kila mzunguko unaiuliza na kila mzunguko unaongeza. Anaweza kuirusha nyota juu mara tu inapoguswa, anaweza kuificha, anaweza kuiambia isubiri mpaka iwe haigusi tena ndo iendelee. Zote sahihi. Na yule aliyefikia mwenyewe mojawapo ya hizo ameshajua kitu kuhusu kompyuta ambacho hata ukimchorea ubaoni mwezi mzima hakiingii, kwamba inauliza pale tu ulipoiambia iulize, na ukiiambia iulize kila saa itauliza kila saa bila aibu.

Kuna na la bendera. Watoto wanadhani ukibonyeza bendera gemu linaanza upya. Wapi! Bendera inaanzisha skripti zako tu, yaani mafungu ya bloki ulizounganisha, haifuti yaliyopita, pointi za jana zipo, paka yuko pale pale alipokwama, aliyefichwa kafichwa. Inabidi mtoto mwenyewe aandike mwanzoni pointi ziwe 0, paka aende mahali fulani, ajionyeshe. Watu wazima wanaojifunza kuprogramu wanahangaika na jambo hili hili, huyu analipata akiwa darasa la tatu kwa sababu mdogo wake kamlalamikia kwamba anaanza na pointi nyingi.

Kitu kinachosaidia sana ni kwamba bloki zenyewe zina maumbo, ya sharti ina ncha kali pembeni, ya namba ni ya mviringo, kisichoingia hakiingii. Kwa hiyo yale makosa ya kusahau nukta au mabano, yanayowatoa machozi watoto kwenye lugha za kuprogramu kwa kuandika maandishi, hayapo kabisa, yanabaki makosa ya fikra peke yake. Na unaweza kubofya bloki yoyote peke yake ukaona inafanya nini bila kuanzisha gemu zima, na skripti inayofanya kazi inang'aa njano pembeni. Kasoro ni kwamba huwezi kuisimamisha katikati ukaipeleka hatua moja moja, hiki kitu kingekuwepo kingesaidia sana, kwa sasa mtoto anabaki kuweka bloki ya kusubiri sekunde moja hapa na pale au kumfanya paka aseme namba iliyopo kwenye kigeu, yaani kile kisanduku cha kutunzia namba kama pointi. Inafanya kazi lakini ni ya kuungaunga.

Hesabu pia, hii watu hawaisemi vya kutosha. Jukwaa lina vipimo, kutoka -240 kushoto hadi 240 kulia, na kutoka -180 chini hadi 180 juu, katikati ni sifuri sifuri. Mtoto ambaye shuleni hajafundishwa namba hasi anazikuta hapa na wala hastuki, anajua tu kwamba akitaka kitu kiende kushoto anapunguza. Digrii za pembe hivyo hivyo. Nimeona mtoto akichora pembetatu kwa ile kalamu ya nyongeza, anageuza digrii 60 inakataa kufunga, anajaribu na kujaribu mpaka anafika 120 ikafunga, alafu ndo anakuja kuuliza mbona ni 120. Swali limetoka kwake! Mwalimu yeyote wa hesabu anajua swali kama hilo lina thamani gani.

Lugha: kwenye mipangilio (Settings) pale juu, sehemu ya lugha, Kiswahili kipo, unachagua na bloki zinageuka zote hapo hapo, kazi ya mtoto haiguswi, na ukitaka kurudi Kiingereza unarudi muda wowote. Kwa mdogo ambaye Kiingereza kinamchelewesha, anza huko. Usikubali mtu akwambie mtoto hawezi kodingi mpaka ajue Kiingereza, kuwaza kwa mpangilio hakuna lugha. Baadaye akienda kwenye lugha za kuandika atakutana na maneno machache ya Kiingereza ambayo atayazoea tu.

Vifaa sasa, hapa ndo naanza kulalamika. Simu hapana. Kwenye simu unaweza kuangalia na kucheza kazi za wengine lakini kutengeneza hutengenezi, na hata wangeruhusu ingekuwa mateso kwa skrini ndogo ile. Tableti inafaa japo kuburuta bloki kwa kidole kunachosha na mara nyingi bloki inaangukia pasipotakiwa, kompyuta yenye kipanya ndo raha, hata ya zamani. Na kama intaneti ni ya kubahatisha usihangaike na tovuti, pakua ile app yao ya kompyuta, inafanya kazi bila intaneti kabisa na kazi inahifadhiwa kama faili kwenye mashine yako, unaweza hata kuibeba kwenye flashi. Angalizo moja hapa: anayetumia tovuti bila akaunti hakuna kinachohifadhiwa chenyewe, mtoto akifunga dirisha kazi ya mchana mzima imekwenda na kilio utakisikia. Ama afungue akaunti ama afundishwe kuhifadhi faili kwenye kompyuta kabla hajanyanyuka.

Akaunti yenyewe inaleta mambo yake. Ukiwa nayo unaweza kushea kazi, na hapo unaingia kwenye jamii kubwa ya watoto wa dunia nzima wanaosheana magemu. Kwa usalama wamejitahidi, hakuna ujumbe wa siri kati ya mtu na mtu, maoni yote yako hadharani na yanachujwa, na wanasisitiza jina la akaunti lisiwe jina halisi la mtoto. Kazi inabaki ya kwake peke yake mpaka abonyeze kushea. Mzazi bado apitie, sio aache tu.

Kinachonikera huko ni kwamba mtoto anaenda "kufanya Scratch" kumbe ana saa nzima anacheza magemu ya wenzie. Na yapo mazuri kweli, mengine huamini yametengenezwa kwa bloki. Sheria ninayoipendekeza ni hii, gemu ukilipenda lifungue ndani. Kila kazi iliyosheawa ina kitufe cha kuona ndani, bloki zote hadharani, na unaweza kuichukua ukaibadilisha ikawa rimiksi yako, aliyetengeneza mwanzo anatajwa yenyewe bila wewe kuandika. Mtoto abadilishe kitu kimoja, mhusika aruke juu zaidi, adui awe mpole, chochote. Wapo wanaobadilisha rangi tu na kushea wakijisifu wametengeneza, waache kwanza, aibu ndogo ya mwenzie kumuandikia "hujafanya kitu" inatosha.

Kwa wadogo zaidi kuna ScratchJr, hii ni app nyingine kabisa sio Scratch iliyopunguzwa, ilitoka 2014 kwa ushirikiano wa MIT na Chuo Kikuu cha Tufts, umri miaka 5 hadi 7, ya tableti zaidi. Bloki zake hazina maneno, picha tupu, zinasomeka kutoka kushoto kwenda kulia, na hadithi inaweza kuwa na kurasa nne. Haina masharti wala vigeu, kwa hiyo gemu la pointi sahau. Ila mtoto wa miaka sita anayetaka farasi akimbie alafu giza liingie alafu farasi alale, anaimaliza mwenyewe, tena anarekodi sauti yake kwa mbwembwe zote. Naipa alama nzuri kwa umri huo na sio zaidi, akishaanza kuuliza nitafanyaje ihesabu ujue muda wake umeisha.

Sasa kwa mzazi au mwalimu, na hili kwangu ni zito kuliko kasoro zote za programu yenyewe: mkono wako ukae mbali na kipanya. Scratch inaharibiwa na watu wazima kuliko chochote. Kuna madarasa ya kodingi nimeyaona watoto wote wanatoka na gemu moja lile lile, bloki zile zile, hata rangi zile zile, kwa sababu mwalimu anaonyesha mbele na wao wanafuatisha, alafu wazazi wanatumiwa video wanafurahi. Huko ni kunakili. Mtoto akikwama muulize maswali tu: ulitaka kifanye nini? Kimefanya nini? Nionyeshe bloki iliyokiambia hivyo. Mara nyingi akifika swali la tatu anasema "aaah" na kukusukuma pembeni. Na ukiwa hujui kuprogramu wewe mwenyewe ndo afadhali, maana huna jibu la kumpa hata ukitaka.

Ukomo wake upo na utauona. Kazi ikiwa kubwa inakuwa vurugu, mhusika mmoja ana skripti ishirini zimetawanyika kila kona na kupata ipi inafanya nini ni kazi. Unaweza kutengeneza bloki zako mwenyewe na kuzipa maingizo, yaani namba au maneno ya kufanyia kazi, lakini haziwezi kukurudishia jibu, hii kwa mtoto anayeanza kufikiria kwa undani inaudhi. Nakala za mhusika mwisho 300 kwa mradi mmoja, gemu la risasi nyingi linagonga hapo. Na hakuna kitufe cha kugeuza bloki ziwe maandishi aone inavyofanana, hiki ndo ninachowalaumu nacho zaidi maana daraja la kuvukia hawakulijenga.

Daraja lipo kwingine. MakeCode, programu ya Microsoft unayoitumia kwa micro:bit, ile kadi ndogo iliyoletwa na BBC 2016 yenye taa 25 na vitufe viwili, ina bloki za aina hiyo hiyo lakini ukibonyeza juu zinageuka Python au JavaScript, lugha za kuprogramu kwa kuandika, na kurudi, na hata bila kuwa na kadi yenyewe kuna ya mfano kwenye skrini unaijaribu. Huko mtoto aliyetoka Scratch hapotei. Au aende moja kwa moja Python na ile moduli yake ya kobe anayechora, imetokana na Logo, lugha ya watoto ya mwaka 1967 ya akina Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig, ambayo Scratch yenyewe ni mjukuu wake. Mpe achore ile pembetatu yake ya digrii 120, safari hii kwa kuandika. Wa miaka kumi na moja kumi na mbili aliyezoea Scratch anaiweza, ila mabano atasahau, na mara hii hakuna umbo la bloki la kumzuia.